Materuni na Marangu na familia: jinsi ya kupanga safari ya maporomoko bila kuhangaika na sala wala chakula

Watu wa Dar, Tanga na Zanzibar wakitaka kuja Moshi na watoto kuona maporomoko, swali la kwanza wanalouliza huwa njia ikoje na la pili bei gani. Mi naona hayo mawili ndo mepesi kuliko yote, njia ipo na bei mtaelewana. Kinachoharibu safari ya familia ya Kiislamu huku kwetu ni chakula na sala, na vinaharibu kwa sababu moja tu, watu wanaviacha viamuliwe wakishafika kule juu, saa saba mchana, watoto wanalia njaa, sufuria la nyama liko tayari jikoni na hakuna anayejua mbuzi kachinjwa na nani. Kwaiyo mwongozo huu nitakaa sana kwenye hayo, mengine nitapita haraka.

Hatua ya kwanza: amueni mnaenda maporomoko yapi

Moshi mjini penyewe hakuna maporomoko, mnalala mjini au Marangu afu mnapanda. Yanayofaa familia ni haya.

Materuni iko Uru, kama kilomita 15 kutoka mjini, na ndiyo yenye maporomoko marefu, maji yanashuka mita 80 hivi kwenye ukuta wa mwamba. Unaacha gari kijijini afu mnatembea kwa mguu, mtu mzima anachukua dakika 45 mpaka saa zima kwenda, na mtoto wa miaka mitano ongeza nusu saa maana atasimama kwenye kila kinyonga. Ni nzuri kwa watoto wanaojitembelea wenyewe na kwa wanaobebwa mgongoni. Wa katikati, wale wazito kubeba lakini wavivu kutembea, hao ndo kazi.

Marangu ni mbali zaidi, kama kilomita 40, mnapita Himo mnakata kushoto kupanda. Kule kuna Kinukamori ambayo iko karibu kabisa na Marangu Mtoni, mnashuka ngazi kidogo mmefika, bibi na babu wanaweza. Kuna na Kilasiya na Ndoro, hizo mteremko wake umesimama zaidi. Marangu raha yake ni kwamba kwa siku moja mnaona maporomoko, mapango ambayo Wachagga wa zamani walikuwa wanajificha wakati wa vita, na mnafika mpaka geti la kupandia mlima Kilimanjaro mkapiga picha bila kupanda.

Ushauri wangu: kama mna watoto wadogo na wazee pamoja, Marangu. Kama ni vijana na watoto wa shule ya msingi wanaotaka kuchoka, Materuni. Msifanye zote siku moja, mtakuwa mnashinda kwenye gari.

Hatua ya pili: mwezi

Maporomoko yanajaa vizuri wakati wa masika na baada yake. Ila mwezi wa nne na mwanzoni mwa wa tano njia inakuwa tope tupu, udongo wa huku ni mwekundu na unateleza vibaya, gari ndogo inaweza kugoma kwenye kilima. Mwezi wa sita na wa saba maji bado mengi na njia imeanza kukauka, na mwezi wa sita shule zimefunga, shida ni baridi. Watu wa pwani mnaidharau sana hii baridi. Usiku wa Marangu mwezi wa saba unalala na sweta na blanketi mbili na bado unawaza.

Mwezi wa kumi na mbili nao fikirieni mara mbili. Wachagga wote walioko mikoani wanarudi nyumbani kula Krismasi, hilo mnalijua, basi za kutoka Dar zinajaa wiki kadhaa kabla, nyumba za kulala wageni zimejaa, na kule vijijini kila nyumba ina sherehe, mbuzi wanachinjwa kila kona na mbege inatembea kwenye mitungi. Watu wakarimu mno kipindi hicho, lakini kupata jiko ambalo limetulia likupikie wewe peke yako kwa masharti yako ni ngumu. Kama lazima iwe likizo ya Desemba basi njooni mapema, kabla ya tarehe 18 hivi, wengi wanakuwa bado hawajafika.

Na Ijumaa. Pangeni Ijumaa iwe siku ya kuwa mjini, si siku ya kupanda. Moshi mjini kuna msikiti wa Riadha na mingine mingi, ukiwa Majengo, Bondeni, Pasua huwezi kukosa adhana. Asubuhi tembeeni sokoni, mchana wanaume Ijumaa, jioni mtazame mlima ukifunguka. Jumamosi ndo mpande.

Hatua ya tatu: kuja

Kutoka Dar ni kilomita 560 hivi, basi la alfajiri linawafikisha jioni. Kwa wanaokuja na basi, adhuhuri na alasiri zitawakuta njiani, basi linasimama Korogwe au Mombo kwa chakula na muda wenyewe mfupi, kwaiyo udhu mtu ashike kabla hajakimbilia chipsi. Wenye gari binafsi wamebarikiwa, ukishaingia Upareni, Same mpaka Mwanga, misikiti ipo barabarani mnasimama mnapotaka.

Kama mnalala Marangu msije mpaka Moshi stendi. Basi linapita Himo Njia Panda, shukeni hapo mchukue Hiace au Noah ya kupanda Marangu. Watu wengi wanalipa nauli ya kuja mpaka Moshi afu wanalipa tena kurudi Himo, na mizigo juu.

Treni ya Dar–Moshi ilirudi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kutokuwepo, inalala njiani, haiendi kila siku kwaiyo angalieni ratiba kwanza. Kwa watoto ni sherehe, wanaweza kunyoosha miguu. Kwa sala pia ni rahisi kuliko basi, mradi mmebeba mswala na kopo.

Hatua ya nne: pa kulala

Maswali ya kuuliza kwenye simu kabla hujatuma hela ya kubuki, na uyaulize hivi hivi bila kuzunguka: Mna baa hapo ndani? Miziki inapigwa usiku? Jikoni kwenu mnapika kiti moto (nguruwe)? Kuna chumba cha familia au vyumba viwili vinavyofuatana? Bafuni kuna bomba la chini au kopo?

Hilo la kopo mnacheka lakini lodge nyingi zimejengwa kwa wageni wa Ulaya, bafu linang'aa na hamna pa kutilia maji. Nunueni kopo la plastiki sokoni, bei yake ndogo.

Kama mko wengi, familia mbili tatu, kodini nyumba yenye jiko. Siku hizi mjini zipo nyingi za kukodi kwa siku, na mkiwa na jiko lenu mambo nusu yameisha. Nyama mnanunua bucha la Mwislamu, asubuhi mnapika chapati na mayai, na cha mchana mnakifunga kwenye hotpoti.

Hatua ya tano: chakula, na hapa tulieni

Moshi mjini hakuna shida. Kuna migahawa ya Waislamu, pilau, biriani, mishikaki, supu ya asubuhi, uliza tu mtu yeyote mwenye kofia pale karibu na msikiti atakuonyesha. Kwenye machinjio ya mjini pia desturi ya miaka mingi ni kwamba anayechinja ng'ombe ni Mwislamu, ila bucha moja moja muulize mwenyewe, kuuliza si kosa.

Ukianza kupanda kilima hali inabadilika. Uchagani mbuzi na kuku wanachinjwa nyumbani na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni Mkristo, na wala hana ubaya, ndivyo wanavyoishi. Kwaiyo nyama ya kijijini usile kwa kudhani. Na kuna vitu ambavyo vitaletwa mezani kwa upendo kabisa inabidi uvijue kabla:

Kisusio. Hii ni supu ya Kichagga, inapikwa na damu ya mnyama. Hata kama aliyechinja ni shekhe, damu ni damu. Sa nyingine wanaiita supu tu, kwaiyo ukiona supu imekolea rangi ya kahawia nzito uliza.

Mbege. Pombe ya ndizi na ulezi. Kwenye matembezi ya kahawa na vijiji wanapenda kuwaonjesha wageni, wanatoa kwenye kibuyu, na mtoto anaweza kupokea kabla hujageuka maana inaonekana kama uji. Mwambieni mwongozaji mapema asiwaletee kabisa.

Nyama choma ya barabarani. Shida hapa jiko. Banda hilo hilo linachoma mbuzi na kiti moto, wavu mmoja, kisu kimoja, ubao mmoja wa kukatia. Mchomaji atakuapia kwamba mbuzi kachinjwa na Mwislamu na atakuwa anasema kweli, lakini kisu je?

Sasa vizuri vya kula, na hapa Wachagga wametujalia. Kiburu ni ndizi na maharage zimepikwa pamoja, nyama haimo. Ndizi za nazi, ndizi za karanga, mboga za majani, parachichi la shambani ambalo ukilikata ni siagi, maziwa, mayai ya kienyeji, viazi vikuu. Mtori ni ndizi na nyama kwaiyo inategemea nyama umeleta ya wapi. Familia inaweza kula siku nzima Uchagani ikashiba bila kugusa nyama na watoto wala wasijue kwamba mmewafungisha mfungo wa nyama.

Ila kama mnataka nyama, zipo njia mbili na zote zinataka simu ya siku mbili kabla.

Ya kwanza, mnunue nyama yenu mjini asubuhi hiyo, mwende nayo kwenye barafu, mama wa kijijini awapikie na sufuria yake. Hapo omba sufuria ioshwe vizuri mbele yako au beba yako. Mimi hubeba yangu, sufuria namba kubwa na mwiko, naweka nyuma ya gari na hakuna aliyewahi kununa.

Ya pili naipenda zaidi. Mwombe mwenyeji akuuzie kuku mzima, mzee wa familia yenu amchinje mwenyewe pale uani. Watoto wanaona, wanajifunza bismillahi inasemwa wakati gani, kuku anaelekezwa kibla, kisu kinanolewa kwanza pembeni asikione. Kwa watoto waliokulia ghorofani Kariakoo, kuku wao wanamjua akiwa kwenye mfuko wa nailoni, hii peke yake ni safari. Kisu bebeni chenu, cha kwenu mnajua kimekata nini.

Mazungumzo yenyewe kwenye simu yasikutishe. Mi huwa naongea hivi na mama anayetupikia kule juu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, Jumamosi nna wageni kumi, watoto sita. Sisi ni Waislamu, naomba utupikie kiburu na mboga, nyama ntakuja nayo mwenyewe, na sufuria ntakuja nayo."

"Hamna shida, na kuku mtataka? Nikufungie wawili bila kuwachinja?"

"Wafunge mama, baba watoto atawachinja akifika."

"Sawa. Na pombe hamtumii, basi ntawachemshia maziwa."

Unaona? Kamaliza yeye mwenyewe. Mchagga ukimwambia mapema anakupangia vizuri kuliko ulivyowaza. Kinachomuumiza ni ukifika ukakaa mezani, chakula kimepakuliwa, afu ndo unaanza kusukuma sahani na kunong'onezana na mwenzio. Hapo umemwaibisha mbele ya majirani zake, na yeye alitoka alfajiri kuwasha kuni.

Na mpe hela nusu kabla, kwa simu, aweze kununua vitu.

Hatua ya sita: sala na kibla

Kwa mnaotoka mbali, Dar, Tanga, Zanzibar, nyie ni wasafiri. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunafuata, msafiri wa umbali wa kilomita 80 na kitu ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, mradi hajanuia kukaa pahala siku nne kamili, siku ya kufika na ya kuondoka hazihesabiwi. Kwaiyo wa wikiendi ndefu mna nafasi, adhuhuri na alasiri mnaziswali pamoja kule juu mmemaliza. Wa wiki nzima mnaswali kamili. Watu wa Arusha mjini, nyie mpaka Moshi mjini ni kama kilomita 80 ambazo ziko pale pale mpakani, muulizeni ustadhi wenu kabla. Na sisi wa Moshi hatuna ruhusa yoyote, Materuni ni kwetu, kila sala kwa wakati wake.

Adhuhuri huku inaingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo kutegemea mwezi, magharibi ni kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kuendelea. Kivuli cha mlima na migomba kinafanya kule juu paonekane pamekuchwa mapema, msiogope, tazameni saa.

Kibla sasa. Ukiwa Moshi mjini ukisimama ukautazama Kibo, kile kilele cha mlima, uso kwa uso, umeelekea kaskazini, na kibla ya huku ni kaskazini ikiinama kidogo tu kulia. Yaani mlima uko mbele yako. Ni raha kuswali alfajiri kwenye baraza mlima ukiwa mweupe haujafunikwa na wingu. LAKINI ukienda Marangu usiufuate mlima, kule Kibo kinakuwa upande wa kushoto, kaskazini magharibi, ukiuelekea umepotea kibla. Tumieni dira ya simu, na muiangalie mkiwa mbali na gari maana chuma kinaivuruga.

Pa kuswalia. Mashamba ya Uchagani, vihamba, yanarutubishwa na samadi ya ng'ombe, na kwetu Mashafi samadi ni najisi. Unaona majani ya mgomba makavu yametandazwa vizuri unasema hapa pazuri, ukitandika mswala unyevu unapanda. Bebeni turubai la plastiki kubwa, litandikwe kwanza, juu yake mkeka, juu yake miswala. Linafaa pia kukalia mkila na kujifunika mvua ikija. Bora zaidi mwombe mwenyeji baraza au chumba, huwa hawakatai, wengine wanatoa mpaka shuka jipya litandikwe.

Maji ya udhu hayana tabu, mifongo inapita kila mahali, ile mifereji ya zamani ambayo wazee walichimba kuleta maji ya mlimani mashambani. Ni maji yanayotiririka. Ya baridi kiasi kwamba mtoto ataosha mguu mmoja akuangalie kama kweli unamaanisha na wa pili.

Hatua ya saba: siku yenyewe Materuni

Ntaandika kwa saa ili muone inavyokaa.

Saa moja na nusu asubuhi mmeshakunywa chai, mmebeba vitu, mko barabarani. Gari ya kukodi bora Noah au yenye mguu wa juu kidogo. Hiace za kupanda huko zipo stendi lakini na watoto sita na sufuria, hapana.

Saa mbili na nusu mko kijijini. Kuna ofisi ya kijiji ya kulipia kiingilio, raia na mgeni wa nje bei tofauti, bebeni vitambulisho, chukueni risiti. Mwongozaji wa kijiji mchukueni hata kama kuna mtu anasema njia anaijua, anajua jiwe lipi limelegea na watoto wanamsikiliza kuliko baba yao. Bei muelewane kabla ya kuanza kutembea, na muulize inajumuisha nini, kahawa imo? chakula kimo? Sufuria na nyama vibaki kwa mama na aanze kupika.

Mnatembea kati ya migomba na mibuni, mnavuka vijito, njia nyembamba upande mmoja kilima upande mmoja bonde. Hapo watoto wawe mstari mmoja, mtu mzima mbele mtu mzima nyuma, mikono upande wa kilima. Raba zenye meno. Kandambili ziwe kwenye begi za kuvaa majini. Mama zangu wenye mabaibui marefu, vaeni dera fupi kidogo au suruali pana ndani na juu yake gauni la kufika chini kidogo ya goti, baibui la kuburuza litakukwaza kwenye mteremko na tope.

Kabla hamjayaona mtayasikia, na mtalowa kabla hamjasogea, maji yakipiga chini yanatoa upepo na manyunyu yanaruka mbali. Simu kwenye mfuko wa plastiki. Maji ni ya mlimani, baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Kuna bwawa chini, wanaojiweza wanaingia. Masharti matatu: msisimame chini kabisa ya maji yanapoangukia maana mawe na matawi yanakuja nayo kutoka juu, mtoto asiingie peke yake hata kifundoni, na maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya tope tokeni haraka hata kama nyie jua linawaka, mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani na mto unajaa ghafla.

Stara majini: mkiwahi kufika saa tatu na nusu mtakuta hamna watu wengi, wanawake waingie na nguo zao za kuogelea za kufunika, wanaume pensi ifike chini ya goti. Kuanzia saa tano makundi ya watalii yanaingia na wao wanavaa wanavyovaa. Hilo ndo linafanya niseme wahini, sio uchu wa kuamka alfajiri.

Saa tano mnaanza kurudi. Saa sita mko kijijini, kavu, watoto wamebadilishwa. Hapo sasa kahawa. Mnachuma kama ni msimu, kuanzia mwezi wa saba hivi mpaka mwisho wa mwaka buni zinakuwa nyekundu, mnamenya, mnatwanga zilizokauka kwenye kinu huku wanaimba na kupiga makofi, mnapepeta, mnakaanga kwenye chungu mpaka zinaanza kupasuka na moshi unawasha macho, mnasaga, mnachemsha. Watoto waacheni watwange, ndo sehemu yao. Hapa Kilimanjaro ndipo KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzia mwaka 1933, kahawa ndiyo ilisomesha Wachagga, mzee wa kijiji akianza kuwapa hiyo historia msimkatishe.

Adhuhuri imeingia. Swalini, afu ndo mle, mama atakuwa amemaliza. Msile kwanza mkasema mtaswali, mkishakula kiburu cha moto kwenye baridi mtasinzia nyote.

Saa tisa mnaondoka. Wa Moshi tunaswali alasiri tukifika nyumbani, kuna muda.

Marangu kwa kifupi

Mpangilio ule ule, ila chakula mna nafuu, Himo ni mji wa biashara una msikiti na mama ntilie wa Kiislamu, mnaweza kufungiwa chakula pale mkipita. Kinukamori asubuhi, mapango na nyumba za asili za Kichagga kabla ya adhuhuri, geti mchana. Kinukamori wana hadithi ya msichana Makinuka aliyepata mimba bila ndoa, wanaisimulia na kuna sanamu yake na ya chui. Ni hadithi nzito, mwenye watoto wadogo mwambie mwongozaji aipunguze.

Mkitaka kuingia ndani ya hifadhi, kutembea mpaka kibanda cha Mandara mita 2,720 na kurudi siku hiyo hiyo, hiyo inataka malipo ya hifadhi, mwongozaji mwenye leseni, na vijana wanaojiweza. Na udhu ushikwe mapema. Si ya bibi.

Chemka, kama mna siku ya ziada

Maji ya Kikuletwa, watu wanaita Chemka, yako upande wa Boma Ng'ombe. Sio ya moto, ni vuguvugu, ya bluu, unaona mpaka chini. Baada ya baridi ya Materuni watoto watawashukuru. Tatizo wikiendi ni pombe na spika kubwa, mtu na familia yake hatulii. Nendeni siku ya kazi, saa mbili asubuhi muwe mmefika, saa tano mmeondoka. Kina ni kirefu zaidi ya kinavyoonekana, watoto wavae maboya, yanakodishwa pale pale lakini ukaguzi wa kamba ufanye mwenyewe.

Vitu vya kubeba ambavyo watu wanasahau

Turubai, mkeka, kopo, kisu, sufuria. Sweta kwa kila mtoto hata kama Dar kuna joto la kufa. Soksi za ziada. Mitandio miwili kwa kila mwanamke maana mmoja utalowa. Hela taslimu za noti ndogo, kule juu mtandao wa simu sa nyingine unakata na hakuna wa kukuvunjia elfu kumi. Dawa ya kuharisha, plasta, dawa za pumu kama kuna mwenye nazo. Hospitali kubwa ni KCMC na Mawenzi, zote ziko mjini, dereva anazijua.

Mkimaliza mlipeni mama nusu iliyobaki kabla hamjapanda gari, sio mkifika mjini kwa simu. Na kama kuku kabaki, mwachieni.